Barua ya wazi kwa Gavana wa Benki Kuu: Mkopaji aambiwe kabla hajaandikwa

Mheshimiwa Gavana,

Pokea salamu na heshima zangu. Nakuandikia hadharani kwa kuwa jambo hili linamgusa kila aliyewahi kukopa, na wewe ndiye unayesimamia benki na taasisi zinazotunza taarifa za wakopaji.

Wengi hugundua kuwa wana faili la mikopo, yaani kumbukumbu ya walivyokopa na kulipa ambayo hutumika kuwapa alama, siku wanaponyimwa mkopo. Afisa anatazama kompyuta, anasema "alama zako haziruhusu," na mazungumzo yanaishia hapo. Alama ngapi? Zimeshushwa na nini? Nani kaandika? Mteja anaondoka bila jibu, ilhali majibu mengi yamo kwenye faili lake mwenyewe.

Nimekuwa nikiwasaidia ndugu na jirani kusoma taarifa zao, na makosa ni yale yale. Mkopo umekwisha, salio ni sifuri, lakini kwenye safu ya hali bado unasomeka "haujalipwa". Deni moja limeandikwa mara mbili: kwa jina la aliyekopesha, kisha kwa jina la kampuni iliyolinunua. Wengine wamebebeshwa madeni ya watu waliofanana nao majina. Karani au mfumo ndio uliokosea, lakini anayeumia ni mkopaji, kwa riba kubwa au kwa kukataliwa kabisa.

Hesabu ya alama hizo inaelezeka. Chukua mfano wa alama za FICO, kipimo cha uaminifu wa mkopaji kinachotumika Marekani tangu 1989: huanzia 300 hadi 850. Takribani asilimia 35 hutokana na kulipa kwa wakati, na asilimia 30 hutokana na madeni uliyonayo, hasa ukiyalinganisha na ukomo wa kadi zako za mkopo. Anayeyajua hayo mawili tu ana pa kuanzia. Asiyeelezwa hubaki na uvumi kwamba kuomba taarifa yako mwenyewe kunashusha alama. Hakushushi! Kinachoweza kuzishusha ni kuomba mikopo mipya mingi kwa muda mfupi. Inaniuma kuona watu wazima wanaogopa kufungua faili lao wenyewe.

Kwa hiyo naomba uagize kwamba mkopeshaji asipeleke taarifa mbaya ya mtu kwa taasisi hizo zinazotunza taarifa kabla ya kumjulisha: deni gani, kiasi gani, la tarehe ipi, na ana siku ngapi za kulipinga. Ujumbe mfupi wa simu unatosha. Mikopo inatangazwa kwa njia hiyo hiyo kila siku, hivyo sioni kisingizio cha gharama.

Anayenyimwa naye apewe sababu kwa maandishi pamoja na nakala ya taarifa yake bila malipo. Marekani, sheria ya mwaka 1970 pamoja na marekebisho yake inampa haki ya kupata nakala hiyo, na pingamizi kwa kawaida huchunguzwa ndani ya siku 30. Mwaka 2017 taarifa za watu wapatao milioni 147 ziliibwa Equifax, mojawapo ya kampuni zinazotunza taarifa za wakopaji huko; mwaka uliofuata nchi hiyo ikaruhusu kila mtu afunge faili lake bure ili mwizi asikope kwa jina lake. Nasi tunahitaji kinga hiyo.

Pingamizi likipita muda uliowekwa bila mkopeshaji kuthibitisha deni, naomba deni hilo lifutwe kwenye faili, na kila aliyeuziwa taarifa hiyo aarifiwe kwamba haikuwa sahihi.

Wako mwaminifu,
Mkopaji