Mwanangu Idi, usianze na rangi

Mwanangu Idi,

Salamu nyingi kutoka Tanga. Sisi wote hatujambo, bibi yako anakusalimu. Picha za hiyo pikipiki ya Honda CG125 unayotaka kuifufua nimeziona na nimefurahi kwelikweli, umepata chombo chenye mifupa mizuri. Umeniuliza kuhusu rangi ya tangi na kiti kifupi, lakini baba, rangi iwe ya mwisho kabisa. Kwanza pikipiki iwake, halafu isimame ukishika breki, ndipo ipendeze. Ukigeuza mpangilio huo utapaka rangi mara mbili, maana rangi mpya ya fremu haitoki salama injini ikishushwa na kupandishwa mara tatu.

Ujue kwanza ulichonacho. Honda waliitoa CG125 mwaka 1976 kwa ajili ya nchi ambazo pikipiki ni kazi, si starehe. Mfano wake wa kabla, CB125, ulikuwa na cheni ya taimingi inayopanda hadi juu ya silinda, na uliharibika mikononi mwa watu wasiobadilisha oili wala kukaza cheni. Kwa CG wakaishusha chini kamshafti, ule mhimili unaofungua valvu, wakaweka fito mbili za kusukuma valvu, zile mafundi wanaziita pushirodi. Muundo huohuo ndio ulionakiliwa China, na ndio unaonguruma kwenye bodaboda nyingi hapo Morogoro. Kwa hiyo vipuri vinavyofanana vimejaa madukani, na hapo ndipo penye mtego, nitakuambia.

Umesema kiki imegoma. Usiirukie kwa uzito wako wote, utavunja meno ya gia ya kiki na itabidi upasue injini kwa kosa ambalo halikuwepo. Toa plagi, mimina vijiko vitatu vya dizeli iliyochanganywa na oili ndani ya silinda, iache siku tatu. Kisha tia gia ya juu kabisa, shika gurudumu la nyuma, litikise mbele na nyuma taratibu. Likianza kucheza hata sentimita moja, ongeza mafuta kidogo na subiri tena. Pistoni iliyoganda kwa kutu huachia kwa uvumilivu.

Skrubu za vifuniko vya injini zina alama ya msalaba, lakini si msalaba wa bisbisi ya kawaida. Ni kipimo cha Kijapani kiitwacho JIS, na nyingi zina nukta ndogo kichwani. Bisbisi ya kawaida haifiki chini ya msalaba, hupanda na kuula. Tumia bisbisi ya JIS, gonga kichwa cha skrubu mara mbili kwa nyundo kabla ya kuzungusha. Flaiwili, lile gurudumu zito lenye sumaku mwishoni mwa krenki, nayo ivutwe kwa pula yake, yaani kifaa cha kuivutia. Ukiigonga pembeni kwa nyundo unaweza kulegeza au kupasua sumaku zilizo ndani.

Sasa silinda. Kipenyo cha asili ni milimita 56.5, na pistoni inasafiri milimita 49.5. Usinunue pistoni kabla ya kupima. Pima kwa kifaa cha kupimia kipenyo cha ndani sehemu tatu, juu, katikati na chini, kila mahali mara mbili kwa kukatiza. Ikiwa imepanuka au imekuwa ya yai kwa milimita 0.10, ipeleke kwa fundi wa leithi aichonge kwa saizi inayofuata. Pistoni za kuzidisha huja kwa hatua za 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00. Nunua pistoni kwanza, mpelekee fundi pistoni pamoja na silinda, achonge silinda kuifuata pistoni ile ile. Ukimwambia tu "piga 0.50" atafuata namba, na pistoni za madukani hazilingani na namba zake kila mara. Huo ndio mtego niliousema. Na yeyote akikwambia silinda ya injini ya cc 150, yenye kipenyo cha milimita 62, itaingia tu, mshukuru na uende zako.

Ringi mpya zisipande kwenye pistoni hujazipima. Ingiza moja ndani ya silinda tupu, isukume kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, kisha pitisha fila geji, vile vibao vyembamba vya kupimia nafasi, kwenye mwanya wake. Unataka kati ya milimita 0.15 na 0.35. Ikibana zaidi ya hapo, injini ikipata moto ncha zitagusana, ringi itavimba na kukwaruza silinda uliyoilipia. Ukizipachika, maandishi ya ringi yatazame juu, na mianya isikae mstari mmoja. Alama ya IN juu ya pistoni ielekee upande wa kabureta. Na kabla ya kugusa klipu za pini ya pistoni, ziba mdomo wa krenkikesi, yaani tumbo la injini chini ya silinda, kwa kitambaa safi. Klipu ndogo ikidondoka humo, kazi ya nusu saa inageuka kuwa ya siku mbili. Klipu za zamani usizirudishe.

Zile fito za kusukuma valvu uzifunge utepe wenye alama, kila moja irudi pale ilipotoka na upande ule ule juu, kwa sababu ncha zake zimeshazoeana na roka zake, vile vikono vinavyobonyeza valvu. Nati za silinda hedi kaza kwa msalaba na kwa awamu tatu.

Valvu zirekebishwe injini ikiwa baridi kabisa, ikiwezekana alfajiri. Zungusha hadi alama ya T ya flaiwili ilingane na alama ya kwenye kava, kisha shika roka zote mbili kwa vidole. Zikicheza zote, uko kwenye mkandamizo, yaani valvu zote mbili zimefunga. Zikiwa zimebana, zungusha duara moja zima. Mwanya ni milimita 0.08 kwa valvu zote mbili. Fila geji ipite kwa kusuguana kidogo, kama karatasi unayoivuta chini ya kitabu. Watu huogopa kelele za valvu wakazibana. Hapo ndipo valvu ya ekzosi huungua, kwa sababu moto wake huondoka inapokaa kwenye kiti chake, na valvu iliyobanwa haikai. Kelele kidogo ya tiki tiki ni afya.

Ikiwa hii yako ni ya volti 6 yenye pointi, zile swichi ndogo zinazokata umeme ili plagi itoe cheche, safisha nyuso zake kwa msasa laini, mwanya uwe milimita 0.3 hadi 0.4, na zianze kuachana pale alama ya F inapolingana. Usidanganyike kufunga betri ya volti 12 juu ya mfumo huo. Waya wa ndani, kidhibiti chaji, balbu, honi na rilei ya indiketa vyote inabidi vibadilike pamoja.

Upande wa kulia, nyuma ya kava la klachi, mwishoni mwa krenki, kuna kikombe kinachozunguka. Hicho ndicho chujio la oili. Injini hii haina chujio la karatasi, uchafu hurushwa pembeni na mzunguko na kuganda humo. Fungua skrubu zake, utakuta tope jeusi limeshikamana kama ugoro uliolowa. Likwangue kwa kijiti, osha kwa mafuta ya taa, pia safisha wavu ulio chini. Mafundi wengi hawalifungui kabisa, wanabadilisha oili mpya ipite kwenye tope lile lile. Oili ni takriban lita moja, 20W-40 au 20W-50, na kopo liandikwe JASO MA, alama ya oili ya pikipiki zenye klachi inayolowa oili. Oili ya gari yenye viongezeo vya kupunguza msuguano itafanya klachi iteleze. Kijiti cha kupimia kiingize bila kukikaza.

Tangi lenye kutu lijaze siki, liache siku moja hadi mbili, lisuuze kwa maji yenye magadi, kisha lisuuze tena na likaushwe upesi kabla kutu haijarudi. Kabureta fungua yote, tundu za jeti, vile vipande vidogo vinavyopitisha petroli, zipulize kwa upepo. Usizichokoe kwa waya wa chuma, uzi wa nailoni wa kuvulia samaki unatosha. Sindano ya floti ikivuja, petroli hupita hadi kwenye oili. Nusa kijiti cha oili kila mara, kikinuka petroli usiwashe.

Breki shuu ikiwa nyembamba kuliko milimita 2, badilisha zote mbili. Vumbi la breki za zamani usilipulize, linaweza kuwa na asbesto. Lifute kwa kitambaa kilicholowa.

Haya, sasa urembo wako. Kata mkia wa fremu ukitaka, lakini msumeno usivuke mbele ya masikio ya shokapu. Kabla ya kuchomelea kitanzi kipya, ondoa shokapu, inua gurudumu hadi mwisho wake, uone kama tairi litagusa kiti au madigadi. Ukiweka usukani mfupi, ugeuze kushoto hadi mwisho na kulia hadi mwisho injini ikiwaka. Mlio ukipanda wenyewe, kebo ya aksileta inavutwa. Namba ya fremu isifunikwe na puti wala rangi nzito, lazima isomeke na ilingane na kadi.

Sanduku la chujio la hewa nakuomba uliache. Najua vile vichujio vya koni vinapendeza, lakini hewa ikizidi mchanganyiko unakuwa mkavu, plagi inatoka nyeupe, pistoni inapata moto. Utalazimika kutafuta jeti kubwa zaidi kwa kubahatisha. Tena vumbi la barabara za huko kiangazi litamaliza ringi zako mpya. Plagi ikitoka na rangi ya kahawia ya maziwa ya chai, hapo uko sawa.

Kilomita 500 za mwanzo usivute aksileta hadi mwisho, kisha umwage oili.

Kifurushi nimekikabidhi kwa kondakta wa basi la kesho asubuhi. Mna fila geji, bisbisi mbili za JIS na gasketi za juu. Ukishaipima silinda, nitumie namba zote sita kabla hujaenda dukani.

Mama yako