Siku moja ya taarab, na hiyo pia imekatwakatwa

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako la Jumanne limekipongeza kituo kimoja cha redio kwa kutenga Jumapili nzima kwa taarab asilia, mashairi na mazungumzo ya sanaa. Mwandishi wako amesema wazee tumefurahi. Mimi ni mmoja wa wazee hao. Nimepiga fidla klabuni hapa Unguja tangu ujana wangu mpaka vidole vikakataa, na barua gazetini sijapata kuandika. Leo naandika, maana siku ile niliisikiliza tangu asubuhi mpaka taarifa ya habari ya usiku, na nilichokisikia kimeniuma.

Taarab haianzi na mwimbaji. Huanza na bashrafu, vyombo vitupu, fidla na nai na udi na ganuni vikizungumza wenyewe mpaka msikilizaji atulie na sikio lijue mahadhi gani yanakuja. Muziki huu aliuleta Sultani Barghash kutoka Misri, akampeleka Muhammad bin Ibrahim huko huko ajifunze ganuni, na klabu ya Akhwani Safaa imeupiga tangu 1905. Siku nzima ya taarab asilia, bashrafu haikupigwa hata moja! Kila wimbo ulianzia pale mwimbaji anapofungua kinywa. Dibaji ya vyombo ilikuwa imeshakatwa.

Sasa sikiliza yaliyotokea kwetu baada ya alasiri. Ukapigwa wimbo wa klabu yetu, uliorekodiwa studio ya redio miaka mingi iliyopita. Ganuni ile ni ya ami yangu, marehemu. Mjane wake tunakaa naye nyumba moja, na tangu mumewe aondoke alikuwa hajapata tena kuisikia mikono yake, maana sisi wenyewe hatuna kanda. Nikamwita kutoka uani. Akaja na unga mikononi, akaketi karibu kabisa na redio. Baina ya ubeti wa pili na wa tatu kuna taksimu, ganuni peke yake, wenziwe wote wamenyamaza. Anayejua kazi ile anajua uzito wake: nyuzi zaidi ya sabini, tatu tatu kwa kila sauti, na mpigaji amevaa pete kwenye vidole vyote viwili vya shahada, kila pete imebana kijiti chembamba cha kukwanyulia. Ami alikuwa akiianza chini, pole pole, kisha anapanda. Basi alipoanza tu kupanda, likaingia tangazo la kubeti mpira. Baada ya tangazo ukaja wimbo mwengine kabisa. Bi mkubwa akaniuliza, "Ndiyo kwisha?" Sikuwa na jibu la kumpa, nikatoka nje.

Nikapiga simu kituoni. Akapokea kijana mwenye adabu zake, "Shikamoo mzee," nikaitikia, nikamuuliza kwa nini wameukata wimbo. Akasema nyimbo zile ni ndefu mno, wasikilizaji wanachoka. Nikamuuliza kama anajua ganuni ile ni ya nani. Akasema kwenye kompyuta pameandikwa "taarab ya zamani" na namba tu. Jina la mpigaji hakuna, jina la mwimbaji hakuna, na jina la aliyetunga shairi hakuna. Simlaumu kijana. Namlaumu aliyeziingiza kanda zile kwenye kompyuta asiandike yale yaliyokuwa yameandikwa kwa mkono kwenye maganda yake, kwani maganda yale nimeyaona kwa macho yangu. Mwimbaji Siti binti Saad alikwenda Bombay kurekodi santuri mwaka 1928, na wenzake mpaka leo tunawataja kwa majina: Subeti Ambari, Mbaruku Talsam, Buda Swedi, Maalim Shaaban. Watu wa karibu karne nzima nyuma tunawajua, na waliorekodi juzi tu katika studio zetu wenyewe, wengine wao wangali hai na wanapita Darajani kununua samaki, wanaitwa namba! Na kuhusu urefu, santuri za wakati ule zilichukua kama dakika tatu kila upande, ndiyo maana wimbo ukakatwa katikati mtu akageuza sahani. Hapakuwa na namna. Mitambo ya leo haina kikomo hicho, hivyo anayekata leo anakata kwa kutaka kwake, na anayemkata ni mtu aliyekaa na chombo chake nusu ya umri ili apate zile dakika mbili.

Na mashairi je? Kipindi cha magharibi alipewa msomaji mwenye sauti nzuri, lakini hajafunzwa. Shairi la mizani kumi na sita lina pahali pa kupumua, nane kwa nane, na kina cha kati kinataka kusikika kama kile cha mwisho. Yeye aliyasoma kama taarifa ya bei za karafuu, akakipita kina cha kati bila kutua, na chini yake wakaweka ngoma ya mashine iliyokuwa ikienda mbio kuliko yeye. Mtoto anayesikia shairi kwa mara ya kwanza kwa namna ile atajuaje kwamba shairi lina mwendo? Nawe Mhariri, ukurasa wa mashairi ulikuwa kila wiki katika gazeti hili. Siku hizi unatoka pale panapobaki nafasi baada ya matangazo ya minada. Malenga wanaotuma kazi zao nawajua, na wanangoja.

Siku nzima kwa mwaka siitaki. Nataka saa moja, kila Jumatano baada ya sala ya Isha. Bashrafu moja, kamili. Kisha nyimbo tatu, kamili, na kila wimbo utajwe mwimbaji, mtunzi, mpiga udi, mpiga ganuni na mpiga fidla wa kwanza. Matangazo yote yawekwe mwanzo wa saa na mwisho wake. Kabla ya hapo kituo kinunue daftari la jalada gumu, na kiwaite wapigaji wa zamani wawili wawili, wapewe nauli ya daladala, wakae na fundi mitambo wazisikilize kanda moja baada ya moja. Sisi tukimsikia mtu anavyovuta upinde tunamjua ni nani, hata kama hajaandikwa popote. Ninajitolea kwenda wa kwanza, bila malipo, siku watakayotaka. Waanze na zile kanda ambazo wapigaji wake wawili watatu bado wapo, maana mwezi uliopita tu tumemzika mpiga dumbak, ile ngoma ndogo ya mkono, na kuna nyimbo ambazo yeye peke yake ndiye aliyekuwa akikumbuka nani alipiga nini.

Mpiga fidla wa zamani,
Unguja