Barua ya wazi kwa bendi changa za metali: jipangeni kwa miaka 30

Wanangu,

Nawaandikia nyinyi mnaopiga metali, yaani muziki wa heavy metal, ya chini kwa chini, mnaofanya mazoezi usiku baada ya kazi, mnaobeba ampu (vikuza sauti vya magitaa) wenyewe, na ambao majina yenu yanajulikana kwa watu mia chache waliotawanyika duniani. Nimeishi na muziki huu tangu enzi za kanda, tulipokuwa tukitumiana nakala kwa posta na kungoja majibu wiki nyingi. Nimeona bendi zikizaliwa na kufa. Zilizokufa mapema mara nyingi zilikuwa na vipaji vya kutosha. Kilichoziua ni kungoja: kungoja lebo, yaani kampuni ya kutoa rekodi, kungoja ziara kubwa, kungoja mtu aje kuwaambia kwamba sasa wamekuwa bendi kamili. Naomba muache kungoja. Pangeni mambo yenu kana kwamba hakuna atakayekuja kuwachukua, na kana kwamba mtapiga pamoja miaka 30.

Najua kila mmoja wenu anayo kichwani hadithi ya Metallica, bendi kubwa ya metali ya Marekani. Mwaka 1982 walirekodi demo, yaani kanda ya majaribio, nakala zikapita mkono kwa mkono, moja ikamfikia Jon Zazula, muuza rekodi wa New Jersey, naye akawaita. Julai 1983 albamu yao ya kwanza ikatoka. Ni kweli ilikuwa hivyo. Ila ukiifanya hadithi hiyo kuwa ramani, utaishi ukihesabu miaka na kujiona umeshindwa.

Mimi ningependa muwatazame Anvil, bendi ya Toronto, Kanada. Walianza mwaka 1978. Mwaka 1984 walisimama kwenye matamasha ya Japani pamoja na Scorpions, Whitesnake na Bon Jovi. Wenzao wale wakaenda kuuza rekodi kwa mamilioni, na Steve Kudlow, mwimbaji na mpiga gitaa wa Anvil, akaja kupata riziki kwa kusambaza chakula mashuleni. Wengi wanaposimulia habari hiyo husikitika. Mimi hunipa nguvu, kwa sababu Kudlow na mpiga dramu Robb Reiner hawakuachana. Filamu kuhusu maisha yao ilipotoka mwaka 2008, ikawarudisha masikioni mwa watu, tayari walikuwa na albamu 13. Kulikuwa na kitu cha kurudia.

Wapo pia Cirith Ungol wa California. Bendi iliundwa mapema miaka ya sabini, ikatoa albamu yake ya kwanza mwaka 1981 kwa fedha zao wenyewe, ikavunjika mwaka 1992 ikiwa imechoka. Zaidi ya miaka ishirini baadaye, vijana waliozaliwa wakati bendi ile inakufa wakawa wanazitafuta rekodi zake kwa udi na uvumba. Bendi ikaungana tena mwaka 2015, na mwaka 2020 ikatoa albamu mpya. Muziki wa chini kwa chini una kumbukumbu ndefu kuliko muziki wa redioni. Wimbo mliourekodi vizuri leo unaweza kumpata msikilizaji wake wakati nyinyi mna mvi. Kwa hiyo tunzeni kila kitu: faili za kila ala kabla hazijachanganywa, tarehe, majina ya waliopiga, picha. Wekeni nakala mahali pawili tofauti.

Kuhusu kazi ya mchana nitasema kwa kifupi, maana sioni cha kubishania. Mshahara unaotoka kwingine ndio unaoulinda muziki wenu. Fenriz wa Darkthrone, bendi ya Norwei ambayo kila shabiki wa blakimetali (black metal, tawi la metali) anaijua, alifanya kazi posta miaka na miaka. Bendi yake imekaa miongo bila kupanda jukwaani, nayo inatoa albamu inapojisikia, kwa sauti inayoitaka. Uhuru huo haukutoka kwa lebo.

Sasa fedha, na hapa nataka mnisikilize vizuri. Mali bila daftari huisha bila habari, na bendi bila daftari huisha kwa ugomvi. Mchagueni mmoja wenu atunze hesabu, na asiwe yule anayetunga nyimbo nyingi, kwa sababu huyo tayari ana nguvu ya kutosha. Kila kinachoingia kiende kwanza kwenye mfuko wa bendi: chumba cha mazoezi, nyuzi, ngozi za dramu, kurekodi. Kugawana kuje baadaye, kwa kanuni mliyoiandika mapema. Fedha yenu nyingi itatoka kwenye fulana na kwenye rekodi za kushikwa mkononi, si kwenye kusikilizwa mtandaoni. Mkiuza kupitia Bandcamp, tovuti ya wanamuziki kuuza kazi zao, wao huchukua asilimia 15 ya muziki wa kidijitali na asilimia 10 ya bidhaa, kinachobaki baada ya ada za malipo ni chenu. Na anayewataka mlipe ili mpige jukwaani kabla ya bendi kubwa, mkataeni, hata kama jina la bendi hiyo limechorwa kwenye jaketi zenu.

Halafu mikataba. Kila wimbo uliorekodiwa una haki mbili, ya utunzi na ya rekodi yenyewe, yaani masta. Kijana asiyejua tofauti hiyo husaini zote mbili kwa furaha ya kuona jina lake kwenye karatasi. Nimewafahamu watu wanaolazimika kuomba ruhusa ili kutoa tena albamu walizozitunga wakiwa na miaka ishirini, na wengine barua zao hazijibiwi kwa kuwa aliyeshika masta ameacha biashara na hapatikani. Lebo ndogo nyingi zinaendeshwa na watu waaminifu wanaoupenda muziki huu kama nyinyi, na wanastahili kurudisha gharama zao. Wapeni leseni ya miaka mitano au saba, kwa toleo mnalolijua, sahani ya santuri au kanda, kwa idadi iliyoandikwa, na iandikwe pia kwamba muda ukiisha haki zinarudi kwenu bila kuombwa. Mkiona neno milele, rudisheni karatasi.

Jambo dogo la ufundi: mkitaka albamu itoke kwenye sahani, kila upande usizidi sana dakika 20. Mkijaza zaidi sauti hupungua na besi hukonda. Pangeni nyimbo mkilijua hilo kabla ya kuingia studio.

Masikio. Kiwango kinachotumiwa na wataalamu wa afya kazini ni desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 85 kwa saa nane, na kila desibeli tatu zinazoongezeka hupunguza muda huo kwa nusu. Kwenye desibeli 100 mmebakiwa na dakika 15. Chumba chenu cha mazoezi, chenye matoazi na ampu mbili zimewashwa hadi mwisho, kinapita hapo bila shida. Nawaomba, na naomba kwa uchungu, vaeni vizibo vya masikio vilivyotengenezwa kwa ajili ya wanamuziki, vile vinavyoshusha sauti zote kwa usawa, tangu zoezi la kwanza. Mlio wa masikio ukishaingia haufukuziki, na nimewaona wapiga gitaa hodari wakiacha kwa sababu hiyo wakiwa bado na nyimbo za kutosha albamu tatu. Mwimbaji naye ajue kwamba koo likiuma anakosea, hata kama sauti inatisha. Amtafute mwalimu.

Bendi ninayotamani mjifunze kwayo zaidi ya zote ni Bolt Thrower wa Coventry, Uingereza, walioanza mwaka 1986. Walijulikana kwa kuuza fulana na tiketi kwa bei ambayo shabiki wa kawaida aliimudu, hata walipoweza kudai zaidi. Albamu yao ya mwisho ilitoka mwaka 2005. Walianza kuandaa nyingine, wakaona haiifikii ile, wakaiacha. Waliendelea kupiga majukwaani miaka kumi bila kitu kipya cha kuuza, na kumbi zilijaa. Mpiga dramu wao, Martin Kearns, akafariki ghafla tarehe 14 Septemba 2015, akiwa na miaka 38. Mwaka mmoja baadaye, tarehe ileile, wakatangaza kwamba bendi imekwisha. Waliujua mwisho wao kwa sababu walikuwa wanaujua msingi wao.

Bendi nyingi haziujui. Mmoja anapata mtoto, mwingine anahamia mbali, wa tatu anaugua, na ghafla kuna watu wawili wanaodai jina moja. Chuck Schuldiner wa bendi ya Death ya Marekani alifariki Desemba 2001 akiwa na miaka 34, na katika ugonjwa wake marafiki na bendi nyingine walilazimika kuchanga fedha za matibabu. Alikuwa mmoja wa waasisi wa muziki wa aina yake, na bado haikutosha kumkinga. Wekeni kando kidogo kutoka mfuko wa bendi kwa ajili ya siku ya mmoja wenu, hata iwe kiasi gani.

Wiki hii, kabla hamjaunganisha nyaya, kaeni muandike karatasi moja: jina la bendi ni la nani, anayeondoka anaondoka na nini, nyimbo zinahesabiwa za nani, na mmoja akifa sehemu yake inakwenda kwa nani. Andikeni kwa lugha ya kawaida, tieni saini wote, na kila mmoja aende na nakala yake nyumbani.

Wasalaam,
Mzee wenu