Nyumba ya Desemba na hasira ya Mama

Mpendwa Ouma,

Salamu kutoka Manchester. Sisi wazima, ila baridi. Mwambie Mama nimepandishwa cheo: jengo zima la nyumba zenye fanicha, zinazokodishwa kwa siku na kwa wiki, sasa liko chini yangu. Awaambie na akina mama wa kanisani.

Nasikia amekasirika kwamba Desemba tutalala mjini Kisumu, kwenye nyumba ya kukodi. Ouma, Mama mwenyewe anajua mkwe hatakiwi kulala kwa wakwe zake. Nyumba ni ya usiku tu, mchana tutashinda nyumbani Kombewa. Na Baba Mdogo asiseme natupa pesa, kabla hajaeleza zile za mabati zilienda wapi.

Sasa kazi yako: kuikagua hiyo nyumba kabla hatujaikodi. Picha usiziamini, kuna lenzi zinazopanua chumba. Nenda mwenyewe, tena saa moja jioni, wakati jengo zima linapika na kuoga. Fungua bomba la jikoni na shawa kwa pamoja. Maji yakidhoofika, uliza tangi liko wapi. Tangi likiwa la chini pekee, maji yanapandishwa na pampu, na stima ikipotea ghorofa za juu zinakauka. Nataka jengo lenye tangi juu ya paa pia, maji yashuke yenyewe. Kuhusu jenereta, watakuambia ipo. Mara nyingi ni ya taa za ngazi na lifti, kwa hiyo uliza kama inafika kwenye soketi za ndani. Hata kama lifti ipo, usipite ghorofa ya kwanza. Magoti ya Mama unayajua.

Kama stima ni juu yetu, omba namba ya mita, ununue tokeni ya shilingi 200 kwa 888880, namba ya malipo ya Kenya Power, uhesabu uniti. Zikija chache kuliko unazopata wewe, huenda mita ina deni la waliotangulia, na linakatwa kidogo kidogo kwenye kila tokeni. Mwenye nyumba alimalize kwanza. Gesi usiipime kwa kutikisa. Uzito wa mtungi mtupu umechapwa juu yake, kwa hiyo uweke kwenye mizani, utoe, ujue kilichobaki.

Hili la mbu sitaki mzaha. Watoto wamezaliwa huku, miili yao haina kinga yoyote ya malaria, na huko kwetu ugonjwa uko mwaka mzima. Kila kitanda kiwe na neti ndefu ya kuchomekwa chini ya godoro, na madirisha yawe na wavu mzima. Chunguza pembe za wavu, ndipo hung'oka. Neti inapunguza upepo, kwa hiyo kila chumba kiwe na feni inayofanya kazi kweli. Mimi napenda mtaa wa Riat kwa hewa yake, lakini Milimani ikipatikana nzuri, sawa, soko na hospitali viko karibu.

Bei ya usiku mmoja isikudanganye. Uliza jumla ya wiki mbili: kuna ada ya usafi, kuna ya mtu wa ziada, kuna ya dipoziti. Kisha uombe punguzo, maana nyumba isiyobadilisha wageni kila siku inampunguzia mwenyewe kazi ya kufua na kusafisha. Mwambie wazi kwamba shangazi zetu watakuja mchana. Nyumba nyingine zinakataza wageni kabisa, na askari akimzuia Shangazi Pilista getini, hiyo kesi itafika hadi mazishini. Mwenye nyumba aandike kwenye ujumbe kwamba wanaruhusiwa.

Pesa usitume kabla ya kuingia ndani ya nyumba yenyewe, umwone anayeshika funguo. Lipa sehemu ndogo ya kushikilia tarehe, iliyobaki tutalipa tukipokea funguo. M-Pesa ikikuonyesha jina lisilo lake wala la biashara yake, ghairi. Siku ya kuingia, piga video ya kila chumba, ndani ya kabati, chini ya sinki, sufuria na vikombe, umtumie mwenye nyumba papo hapo. Bila hiyo dipoziti haitarudi, kila mkwaruzo utakuwa wetu.

Nitatuma pesa ya kushikilia Ijumaa ukishaniletea majibu ya maji na mita. Nauli yako imo. Samaki ngege wa Dunga namwota hata kazini, kwa hiyo jiko liwe na sufuria kubwa.

Dada yako,
Akinyi