Ichomoeni Hiyo Kebo, Wanangu

Wanangu mnaounda setilaiti,

Picha yenu nimeiona. Makoti meupe, glavu mikononi, na kile kiboksi kinang'aa mezani. Nikafurahi. Kisha nikaiona kebo imechomekwa ubavuni mwake, imekwenda mpaka kwenye kompyuta, furaha ikaniishia.

Niliwahi kukaa na vijana kama ninyi. Chombo chao walikijaribu miezi mingi na kila siku kilitii. Zilipobaki siku tisa kirushwe, mmoja akachomoa kebo ili afute meza. Setilaiti ikawaka yenyewe, ikangoja dakika 30 kama kanuni inavyotaka, ikapeleka umeme kwenye kiwaya cha kuunguza uzi unaofunga antena. Volti ikaporomoka, kompyuta yake ikazimika. Ikawaka tena, ikaanza kuhesabu dakika 30 upya. Tukaitazama hivyo hadi usiku, uzi haukukatika ng'o. Kumbe muda wote ule kebo ndiyo iliyokuwa ikiilisha umeme, sisi tukiisifu betri!

Tukaomba tarehe isogezwe. Tukaambiwa wageni wameshaalikwa. Programu ikarekebishwa usiku kucha, roketi ikaruka, watu wakapiga makofi. Setilaiti hatukuisikia hata siku moja, na sababu hatuijui mpaka leo, maana chombo bubu hakijielezi.

Kwa hiyo nawasihi, na mkitaka niiteni amri: fungeni kila skrubu, ng'oeni pini inayokizuia kuwaka, kiacheni chombo kiishi wiki nzima kwa betri na paneli zake za jua. Kipeni mwanga na giza kwa zamu, kwani huko juu mzunguko mmoja ni kama dakika 90, na zaidi ya 30 kati ya hizo chaweza kuwa kivulini. Zungumzeni nacho kwa redio tu, dakika kumi, kisha mnyamaze. Mkono ukiwawasha, ukalieni.

Mengine mnayajua. Masafa ya redio yaombwe mapema. Gundi isiwe ya kutoa mvuke kwenye ombwe, huko angani kusiko na hewa. Anayehitimu aache daftari, asiondoke na programu kichwani.

Nanyi wakubwa, mnaopanga siku ya hotuba kabla ya siku ya majaribio: maprofesa Bob Twiggs na Jordi Puig-Suari wa Marekani walipobuni setilaiti hii ya mchemraba wa sentimita 10, CubeSat, mwaka 1999, walitaka wanafunzi wapate chombo kidogo cha kujifunzia kazi mwanzo hadi mwisho. Majaribio ni sehemu ya kazi hiyo. Mkiwanyima muda mnawafundisha kupamba boksi, halafu chombo kikikaa kimya angani lawama mnawatupia watoto.

Msinikasirikie, wanangu. Nitumieni picha nyingine. Safari hii niione setilaiti peke yake mezani, pini imetoka, kebo haipo, na mmoja wenu yuko chumba cha pili, sikio kwenye redio.

Mzee wenu