Kibao cha “Mbwa Kali” pekee hakimkingi mwenye nyumba

Wateja wengi wanaotupigia simu kuhusu mbwa wa ulinzi huanza na swali lile lile: mwizi akiruka ukuta wangu usiku, mbwa akamng’ata, je, nitashtakiwa mimi? Swali hilo lina msingi wake, nasi tutalijibu hapa chini. Hata hivyo, katika kazi yetu ya kufunza na kutunza mbwa wa ulinzi hapa Mombasa, mwizi si mtu tunayemkuta kwenye malalamiko. Tunayemkuta ni mtoto wa jirani, msoma mita, kijana wa bodaboda aliyeleta chakula, au mama muuza maandazi aliyezoea kusukuma lango lililorudishwa tu bila kufungwa.

Mwaka jana tuliitwa katika nyumba moja huko Bamburi baada ya mvulana wa miaka tisa kung’atwa mkono. Lango lilikuwa la vyuma vilivyosimama wima, na nafasi kati ya chuma na chuma ilitosha mkono wa mtoto kupita bila kukwaruzwa. Mpira ulikuwa umepenya chini ya lango, naye akapiga magoti, akapitisha mkono kuufikia. Kibao cha “Mbwa Kali” kilikuwapo, lakini kilitundikwa barazani, kando ya mlango wa nyumba, mahali ambapo mtu aliye barabarani hawezi kukiona, na jua lilikuwa limekwisha kufuta nusu ya herufi zake. Mwenye nyumba, mtu muungwana aliyegharimia matibabu ya mtoto bila kuombwa, alituambia kwa masikitiko kwamba aliamini kibao kile kinamkinga. Ni imani tunayoikuta karibu kila mtaa, na ndiyo iliyotusukuma kuandika makala haya.

Tuanze na nani mwenye mamlaka. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, inaziachia serikali za kaunti udhibiti na ustawi wa wanyama, na inataja waziwazi utoaji wa leseni za mbwa. Kwa hiyo kanuni za kila siku hutungwa na kaunti, wala hazilazimiki kufanana kila mahali. Nairobi ina sheria yake ya mwaka 2015 ya udhibiti na ustawi wa mbwa. Kwa wateja wetu wa Pwani jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu ukivuka daraja la Mtwapa umekwisha ingia Kaunti ya Kilifi, na anayehama kutoka Nyali kwenda Mtwapa na mbwa wake asidhani kwamba karatasi za upande mmoja zinamaliza kazi upande wa pili. Nenda ofisi ya mifugo ya kaunti unakohamia, uulize kabla ya kumshusha mbwa garini.

Juu ya kanuni hizo za kaunti kuna sheria za nchi nzima, na hapa ndipo kibao kinapopoteza nguvu zake. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, katika kifungu cha 243, inamhesabu kuwa na kosa mtu ambaye kwa uzembe unaoweza kumdhuru mwenziwe ameacha kuchukua tahadhari dhidi ya hatari inayoweza kutokana na mnyama aliye naye. Angalia kwamba kinachopimwa ni tahadhari yenyewe: lango, kufuli, mnyororo, banda, mtu wa kumshika mbwa. Sheria inayohusu wajibu wa mwenye makazi kwa watu wanaoingia kwake, Sura ya 34, nayo inasema kwamba onyo halimwondolei mwenye makazi wajibu wake isipokuwa kama, kwa hali ilivyokuwa, lilitosha kumfanya mgeni awe salama. Inasema pia kwamba mwenye makazi atarajie watoto kuwa na uangalifu mdogo kuliko watu wazima. Mtoto wa miaka mitano hasomi kibao, na msoma mita aliyesoma kibao bado anapaswa kuifikia mita. Huyu wa pili ameingia kwa kazi inayojulikana, na haifai kumhesabu kuwa mvamizi.

Sasa turudi kwa mwizi. Sheria ya kuingia ardhi ya mtu bila idhini, Sura ya 294, inamtia hatiani anayeingia au kubaki katika ardhi ya mtu binafsi bila ruhusa ya mkaliaji na bila sababu ya maana. Mbele ya mahakama, aliyevunja kufuli usiku akakutana na mbwa ndani ya ukuta hasimami mahali pamoja na mgeni aliyebisha hodi, na kumfuga mbwa ndani ya uzio ili kulinda mali si kosa. Lakini kuna mpaka ambao tunawasihi wateja wasiuvuke: kumwamuru mbwa amshambulie mtu aliyekwisha kusalimu amri, au anayekimbia kutoka, hakuwezi tena kuitwa ulinzi. Nguvu inayotumika kulinda mali lazima iwe ya kadiri. Uingereza, ambako sehemu kubwa ya misingi hii ya sheria zetu ilitoka, ilipitisha mwaka 1975 sheria maalumu ya mbwa wa ulinzi inayotaka mbwa wa namna hiyo awe chini ya msimamizi aliyepo mahali hapo, au awe amefungwa asiweze kuzurura, na kibao kionekane kila penye mlango wa kuingilia. Hapa kwetu hatulazimishwi na sheria hiyo, lakini mafunzo yetu tunayajenga juu ya utaratibu huo kwa sababu unaokoa watu.

Jambo la chanjo halingoji mjadala. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, takribani hakuna anayepona. Mtu akiumwa, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo na hata kama mbwa ana cheti. Mbwa mwenyewe asiuawe kwa hasira. Afungwe na achunguzwe na daktari wa mifugo kwa siku 10, kwa kuwa uchunguzi huo humsaidia daktari wa aliyeumwa. Mbwa yeyote tunayemtoa kwetu ana kadi ya chanjo yenye tarehe, na hatumpokei mbwa wa mteja kwa mafunzo bila kadi hiyo.

Ukituita kukagua boma lako, tutaanza nje, barabarani, tukisimama pale anaposimama mgeni. Tunapima mwanya wa chini ya lango na nafasi kati ya vyuma, tunatazama kama kengele iko upande wa nje, na kama mita inaweza kufikiwa bila kupita eneo la mbwa. Mara nyingi dawa huwa ni bati la kuziba sehemu ya chini ya lango, komeo linalojifunga lenyewe, na banda lenye uzio wake ambamo mbwa hukaa kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi wageni wa mchana wanapokwisha. Kibao tunakiweka pia, kwenye lango, kwa maandishi makubwa na picha ya kichwa cha mbwa kwa ajili ya wasiosoma.

Ukaguzi wa kwanza hatuutozi. Tunaomba tu tukute kadi ya chanjo na leseni mezani, mtu anayemlisha mbwa awepo, na mbwa awe amefungwa kabla hatujabonyeza kengele.