Mzee wangu alikuwa hamezi dawa, na daktari akazidi kumuongezea

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, maana watu mkiandika kuhusu presha huwa mnasema tu "meza dawa kila siku", mnaishia hapo. Hakuna anayeuliza yule asiyemeza anaficha nini na kwa sababu gani.

Mzee wangu aliandikiwa dawa ya presha, enalaprili, miligramu 10. Wiki ya tatu hivi akaanza kukohoa, kikohozi kikavu, hakina makohozi, usiku ndo kinazidi mpaka mama akahamia chumba kingine. Yeye mwenyewe akajua ni dawa, na alikuwa sahihi kabisa, dawa za kundi la enalaprili zinamletea kikohozi takriban mtu 1 kati ya 10. Kuna kitu mwilini kinaitwa bradikinini, dawa ikishafanya kazi yake hicho kitu hakivunjwi kama zamani, kinabaki na koo linawasha. Sasa badala ya kumwambia daktari akaacha kimya kimya. Na ili sisi tusijue, kila asubuhi anatoboa kidonge kutoka kwenye karatasi yake anakificha, sisi tukiangalia karatasi tunaona imeisha vizuri tunafurahi.

Kliniki wakampima wakakuta 170 kwa 100. Daktari aliona nini? Aliona dawa haitoshi. Akapandisha enalaprili mpaka 20, akaongeza na ya kukojoza. Na sijui nani angefanya tofauti kama mgonjwa anaapa kwamba anameza. Ila nitasema na hili, mhariri, hakuna aliyemuuliza kwa upole, aliulizwa "mzee dawa unakunywa?" kwa ile sauti ya kugomba, na mtu mzima akiulizwa hivyo mbele ya mwanae jibu ni moja tu.

Basi mimi nikajifanya msimamizi. Nikamkalisha nikampa zote mbili nikasubiri ameze mbele yangu. Mwili ambao ulikuwa haujaonja dawa miezi kama miwili ukapokea dozi kubwa mara moja. Usiku akaamka kwenda kukojoa, kusimama tu kizunguzungu, akaanguka akapasuka juu ya jicho. Tulipofika hospitali presha ilikuwa 85 kwa 50. Nilimshika mkono ulikuwa wa baridi na umelowa jasho, sitausahau.

Vidonge nilivikuta kesho yake nikitafuta miwani yake, vilikuwa ndani ya kasha la miwani la zamani, vimebonyea vingine vimeanza kuwa unga. Nilihesabu 61. Na chini yake kulikuwa na diklofenaki za goti alizojinunulia mwenyewe, ambazo nazo zinapandisha presha, na ukizichanganya na enalaprili na dawa ya kukojoza figo ndo zinaumia. Hakuna aliyejua anazimeza maana hata yeye anasema ile si dawa, ni ya maumivu tu.

Kwa hiyo ninachoomba kwa wasomaji wenzangu ni kitu kimoja: kama hunywi, sema hunywi. Sema umeruka siku ngapi, sema ni kikohozi, ni miguu kuvimba (amlodipini, dawa nyingine ya presha, inafanya sana hivyo), ni nguvu za kiume, chochote kile, kwa sababu dawa za presha ziko aina nyingi na ya kubadilisha mara nyingi inapatikana. Ukijificha daktari anaongeza dozi juu ya dozi ambayo haipo. Na msiache ghafla kwa akili yenu, hasa atenololi na ndugu zake, zile za kutuliza mapigo ya moyo, moyo unaweza kwenda mbio na presha ikaruka. Ukisahau kidonge usimeze viwili kufidia. Na hizi za kundi la enalaprili, midomo au ulimi ukivimba usisubiri miadi, kimbia hospitali saa hiyo hiyo.

Na nyie wahudumu wa afya, nawaheshimu, kazi ni nyingi, lakini jaribuni kuuliza "wiki hii umeruka mara ngapi?" maana hapo mtu ana nafasi ya kusema ukweli bila aibu. Ndivyo alivyoulizwa na nesi mmoja pale wodini, mama mtu mzima, alivuta kiti akakaa. Mzee akamwambia yote dakika mbili, mimi nimesimama pembeni na lile kasha mkononi.

Wakambadilishia losartani. Kikohozi hakikurudi tena, mama amerudi chumbani. Kliniki siku hizi anaenda na mfuko wenye dawa zote, hata za goti, anazimwaga mezani.

Msomaji wako